Kikohozi Katika Wimbi

Sauti ya yule mama ilipangiwa kukatwa Jumatatu asubuhi, na mpaka Jumatano iliyotangulia binti yake alikuwa hajaisikia hata mara moja.

Si kwamba mama alikuwa mchache wa maneno. Majirani walimwita Redio. Alifungua stesheni kabla hajashusha mguu wa pili kitandani, na hakuifunga mpaka taa izimwe. Aliongea na sufuria ikichelewa kuchemka, aliongea na mlango uliokwama, aliongea na mumewe akiwa na povu la dawa ya meno mdomoni, na mume akaitika "mmh" bila kujua ameitikia nini. Lakini binti, mtoto wao wa pekee mwenye miaka sita, alizaliwa na masikio yaliyoziba karibu kabisa. Walimwita Macho, kwa kuwa mambo yote aliyashika kwa kuyatazama. Ukimwita kwa nyuma hageuki. Ukikunja uso ukiwa ng'ambo ya uwanja, anakuja kukuuliza kwa mikono nani amekuudhi.

Nyumbani walikuwa na lugha yao ya mikono ambayo hakuna shule iliyowafundisha. Kidole shavuni ni mama. Ngumi mbili zikigonganishwa ni kitu kibovu, apelekewe baba. Viganja viwili vikifunguliwa, vitupu, ni kwisha: sukari imekwisha, sabuni imekwisha. Macho akiviona viganja hivyo hukimbilia kikapu nyuma ya mlango na kuleta viatu vya baba, kwa sababu kitu kikiisha baba huenda dukani, na yeye hupanda mabegani. Alikuwa na jambo lake jingine pia. Mama alipokuwa akiongea, Macho alipenda kumwekea kiganja mdomoni, ayapokee maneno yakiwa bado na joto, atulie hivyo kama mtu anayeota jua.

Kisha koo la Redio likaanza kukwaruza, kikohozi kikaja na kisiondoke, na mwisho wa vipimo vyote daktari aliwaita wawili, mke na mume.

"Sehemu yote hiyo tutaitoa," alisema. "Utapumulia hapa." Akajigusa chini ya koo lake mwenyewe.

"Na kuongea, daktari?"

"Kwanza upone, mama. Kuongea tutaona baadaye."

Mtu yeyote aliyewahi kukalia benchi la hospitali anajua "tutaona baadaye" maana yake nini. Redio alinyamaza njia nzima ya kurudi, na mumewe, aliyekuwa ameuomba ukimya huo kwa miaka tisa, alipoupata hakujua auweke wapi.

Walipofika mlangoni ndipo mke akasema, "Nina ombi moja tu, baba Macho. Kabla hawajanikata, mtoto anisikie. Hata neno moja. Wewe si fundi wa masikio?"

Alikuwa fundi wa masikio kweli. Alitengeneza vifaa vya kusikia katika kliniki moja ya watu binafsi, vifaa vya watu waliokuja kwa magari yao. Kuvitengeneza aliweza. Kukinunua kimoja, hilo lilikuwa jambo jingine.

*

Jumatano hiyo Meneja alimwita mapokezi. Meneja alikuwa mama mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, na moyo wake haukuwa mbaya. Ila alipenda wema wake uwe na mashahidi.

"Njoo hapa, fundi. Ile familia ya mzee marehemu wamerudisha kifaa chake. Kimechakaa, siwezi kumpa mteja. Mchukulie binti yako."

Watu waliokuwa kwenye viti wakainua nyuso.

"Asante, mama," fundi alisema.

"Kwa sauti basi. Hawa ni watu wasiosikia."

Wateja wakacheka. Fundi akarudia kwa sauti, akacheka pamoja nao, maana angefanya nini. Kifaa alikitia mfuko wa shati, na mchana mzima alikuwa akiugusa mfuko huo kama mtu aliyebeba yai.

Usiku haukuwa umeingia bado alipoanza kazi. Alining'iniza blanketi dirishani kuzuia kelele za nje, akamketisha mkewe kitandani, akampa simu imrekodi.

"Niseme nini?"

"Chochote."

"Miaka tisa unaniambia nipumzike, leo chochote."

"Maneno ya kila siku. Unayomwambia Macho."

"Namwambia nini mimi." Redio aliishika simu kwa mikono miwili, akaona haya ghafla, yeye ambaye hakuwahi kuona haya mbele ya mtu. "Macho. Mwanangu. Njoo ule. Vua viatu. Nani kamwaga maji hapa? Muache paka wa watu. Huyo baba yako anakuja, kachelewa tena, mwambie chakula kimepoa. Umependeza. Njoo nikufute pua. Njoo ulale." Katikati alikohoa, akaendelea, akanywa maji, akaendelea tena. Mwisho akashusha simu. "Imekwaruza."

"Haijakwaruza."

"Na wewe ndiye fundi wa masikio."

Fundi alikaa kwenye kompyuta ndogo aliyoinunua ikiwa imekwisha pita mikono ya watu wawili, akayakata maneno yale, akaondoa mianya, akayachanganya na kuyashona mpaka yakawa wimbi moja fupi. Halikuwa tena usemi wa kueleweka. Lilikuwa sauti ya mkewe tupu, sehemu zake za juu na za chini zote zimo. Alilisikiliza mara nyingi na akaridhika nalo.

*

Katika chumba cha nyuma cha kliniki kulikuwa na mashine ya kuchanganua mawimbi ya sauti, kisanduku cha chuma chenye kifuniko kizito ambacho wote walikiita Sanduku. Kifaa cha sikio hulazwa ndani, kifuniko hufungwa, Sanduku hupiga sauti humo na kuchora kwenye skrini kilichoingia na kilichotoka. Sauti zake za kiwandani zilikuwa filimbi na mivumo, sauti zisizo na mtu. Kwa kifaa kipya zilitosha. Kwa hiki kichovu, fundi alifikiri, nguvu kidogo iliyobaki isitawanywe kwenye filimbi. Ikusanywe yote pale sauti ya mama Macho ilipo. Sanduku lilikubali wimbi la kutengenezewa. Unalishona kwenye kompyuta, unalitia kwenye flashi, unalipakia, nalo Sanduku hulipiga na kulirudia kama lake. Tatizo ni kwamba Meneja alikwisha piga marufuku flashi za nje, tangu virusi vilipoila kompyuta ya mapokezi. Fundi alijua, na alisubiri mchana wa Alhamisi, wenzake walipokwenda kula.

Wimbi liliingia bila taabu. Lakini mstari kwenye skrini ulilala chini kama mgonjwa. Akaikaza kidogo skrubu ya kifaa. Mstari ukainuka kiduchu. Akaikaza tena. Alijiambia ni uzee wa kifaa, akaendelea kuizungusha skrubu kwa bisibisi ndogo kuliko njiti ya kiberiti, mpaka mstari ukafika pale alipoutaka. Viatu vya wenzake vikasikika kwenye korido. Akachomoa flashi haraka, akakifunika kisanduku, akaondoka na kifaa chake.

Jioni Redio alibadilisha gauni. Mama yake mzazi, ambaye alikuja kushika nyumba kwa ajili ya hospitali, na wote walimwita Bibi, alimtazama akijipaka mafuta.

"Unavalia masikio?"

"Mama, leo mgeni ni mimi."

Walimkalisha Macho kwenye kiti. Baba akakivalisha kifaa, akakiwasha, akarudi nyuma. Macho alitulia, macho yake yakizunguka. Redio akapiga magoti mbele yake, akavuta pumzi.

"Macho. Mwanangu."

Mtoto alijikunja kama aliyemwagiwa maji ya moto. Alilia kwa sauti yake nzito isiyojua ukubwa wake, akaling'oa lile dude sikioni, akalitupa, akajitumbukiza chini ya meza. Walimtoa, wakambembeleza, wakajaribu tena. Redio alisema neno moja tu, tena kwa upole, na Macho alimng'ata kidole.

Baada ya hapo ikawa kila mama akifungua mdomo, hata kifaa kikiwa kabatini, Macho alijiziba masikio. Kiganja chake hakikuja tena.

"Ni sauti yangu," Redio alisema chumbani. "Imeshaoza. Mtoto kaisikia, kajua."

"Si wewe. Ni kifaa."

"Si umesema umekipima?"

"Nimekipima."

"Basi ni mimi."

 Redio akageukia ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu waoane alilala kabla ya kumaliza habari za siku.

*

Ijumaa asubuhi fundi alikuwa akinywa chai amesimama, Bibi akikata mkate, Redio yuko chumba cha pili akikunja nguo za hospitali.

"Mkwe," Bibi alisema akishika kifua, "mimi kikohozi hiki kitaniua kabla ya mwenyewe. Kila kikija nadhani mlango umepigwa teke."

"Kikohozi gani, mama?"

Bibi aliacha kisu juu ya mkate, akamtazama. "Wewe. Hujamsikia sasa hivi?"

Fundi alisimama na kikombe chake. Hakuwa amesikia kitu. Akasubiri. Kikaja tena kutoka chumba cha pili, kikali, kikavu, kikatikisa vijiko kwenye sahani. Na ndipo akaelewa kwamba kilikuwa kikija hivyo usiku na mchana kwa miezi, na sikio lake lilikwisha acha kukihesabu, kama mtu anayekaa karibu na kinu cha kusaga asivyosikia tena kinu.

Kikohozi kilikuwa ndani ya wimbi. Alikishona humo kwa mkono wake, kati ya neno na neno, na alipolisikiliza hakukisikia. Na kanuni ya Sanduku aliijua tangu siku ya kwanza: hutafuta kilele kirefu kuliko vyote katika wimbi ulilolipa, hukiweka juu kabisa, na mengine yote huyapanga chini yake. Kwa hiyo lilikipa kikohozi kiti cha mbele, likaisukuma sauti ya mkewe chini kabisa, na yeye, kuipandisha hiyo sauti, akaikaza skrubu na kuikaza. Mtoto aliambiwa "mwanangu" kwa nguvu za radi.

"Mke wangu," aliita akivaa viatu. "Si wewe. Sikiliza, si wewe."

"Nani si mimi?" Redio aliuliza, na Macho, aliyekuwa akichezea vifungo sakafuni, aliona mdomo wa mama unafunguka, akajiziba masikio.

*

Kliniki alimkuta Meneja mlangoni mwa chumba cha nyuma, miwani iko usoni na si kifuani. Kando yake alikaa mteja wa siku nyingi, mzee mwenye kofia ya pamba, kifaa chake kiko mkononi kama ushahidi.

"Fundi, huyu mzee jana alasiri nilimpimia kifaa mimi mwenyewe, kwa Sanduku hilihili. Mwambie, mzee."

"Kijana wangu, tangu jana nasikia mpaka mke wangu anapofikiria," mzee alisema. "Kijiko kikianguka, nakufa. Nimelala nimekivua, na bado kichwa kinavuma."

"Nimefungua Sanduku asubuhi hii," Meneja akaendelea, "nakuta limewekewa wimbi lisilo letu. Limechaguliwa, linangoja. Nani kaliweka?"

Fundi alikumbuka viatu kwenye korido, na flashi aliyoichomoa kwa haraka bila kulirudishia Sanduku wimbi lake la kiwandani.

"Ni mimi, mama."

"Flashi?"

Akaitoa mfukoni. Wateja wengine wawili walikuwa wamesogea kuangalia, na Meneja hakuwaambia warudi kwenye viti.

"Mimi nimekupa kifaa bure mbele za watu. Bure. Wewe unaniletea uchafu wa nyumbani kwako, unaharibu jina la kliniki. Kuanzia leo Sanduku usiliguse. Utasafisha mirija na kubadilisha betri."

"Mama, naomba nusu saa tu. Leo. Baada ya hapo nisiliguse maisha yangu yote."

"Nusu saa ya nini? Hebu tusikie hiki kinachotutia aibu." Akaliacha Sanduku wazi, kifuniko kimeinuka, akabonyeza kitufe.

Sauti ya Redio ikatoka kwenye chuma. Vipande vya maneno yaliyovurugwa, njoo, pua, mwambie, mwanangu, kachelewa. Kisha kikohozi kikubwa kuliko yote, kikajaza chumba. Kisha tena tangu mwanzo. Lilizunguka hivyo. Mzee wa kofia, aliyekuwa hajavaa kifaa chake, aliinamisha sikio lake bovu kuelekea Sanduku.

"Huyo mama anaumwa," alisema.

Meneja alizima. "Ni nani?"

"Ni mama Macho. Jumatatu anafanyiwa upasuaji wa koo. Hataongea tena. Nilitaka mtoto amsikie." Fundi aliyasema hayo akitazama sakafu, kwa sauti ya kazini, kama mtu anayetaja vipuri vilivyopungua.

Meneja alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Ungesema," alisema, safari hii taratibu.

Aliichukua flashi mkononi mwa fundi, akaipima kwa kiganja. 

"Anza na cha mzee. Kisha maliza chako kabla ya saa nane. Onyo lako liko palepale." Flashi aliiacha mezani, akaenda kuwarudisha wateja kwenye viti vyao.

Kwenye skrini ya kompyuta kikohozi kilisimama kama mnara katikati ya vibanda. Ungeshangaa mtu asikione. Fundi alikizungushia alama, na kidole kikasita juu ya kitufe, kwa sababu hata hicho kilikuwa cha mkewe. Kisha akakikata. Alipolipakia upya wimbi, sauti ya Redio ilipanda yenyewe mpaka juu, bila kusukumwa na mtu. Na yeye akailegeza skrubu, kidogo kidogo, mpaka mahali pa sikio la mtoto.

*

Lakini mtoto aliyeungua hakai karibu na jiko kwa kuambiwa kwamba leo limezimwa. Jumamosi nzima Macho hakukubali. Baba alikivaa kifaa, akatabasamu kama mwendawazimu, haikusaidia. Bibi alikivaa, akacheza, Macho akacheka sana, kisha kilipomkaribia akakimbia. Walimpa pipi, alikula pipi.

"Muacheni," Redio alisema, amempa mtoto mgongo ili mdomo wake usionekane. "Sitaki anikumbuke kwa kushikwa mikono."

Jumapili mchana Macho mwenyewe alikuja na masharti. Alikichukua kifaa, akamwonyesha baba sikio lake. Halafu akamwendea mama pale alipokaa, akambana mdomo kwa kiganja. Haikuwa kama zamani, kuyapokea maneno. Alikuwa akikifunga kisima. Akamwangalia usoni mpaka Redio akaitika kwa kichwa. Hapo ndipo akakubali kuvalishwa.

Na kila kitu kikamwingia. Bibi aliangusha kifuniko cha sufuria na Macho akaruka, akataka kiangushwe tena. Alifungua bomba, akafunga, akafungua. Alikivuta kiti sakafuni huku na huku akiwaangalia wote, kuona kama wao pia walikuwa wakijua habari hizi. Baba yake alimwita kwa nyuma, na aligeuka. Fundi aliingia chooni akakaa humo kitambo.

Redio alikaa kimya siku nzima. Kila Macho alipopita karibu, alirudi kumwekea kiganja mdomoni, kuhakikisha. Redio alikipokea kiganja na kukaa hivyo, machozi yanamlengalenga, anatabasamu chini ya vidole.

"Mwambie kitu, mwanangu," Bibi alimnong'oneza. "Siku si imekwisha?"

Redio akatikisa kichwa. Mtoto alikuwa akisikiliza kijiko.

*

Jumatatu gari la kukodi lilifika mapema kuliko walivyolitaka. Redio alikuwa kwenye kiti cha mlangoni, begi miguuni, Macho magotini, kifaa sikioni, kiganja mahali pake. Fundi alikuwa akitafuta kadi ya hospitali iliyokuwa mkononi mwake.

Dereva akapiga honi. Macho akageuka kuitafuta honi, na kiganja kikalegea kidogo. Redio hakufungua mdomo. Alivuma tu, chini kabisa, "mmm", kama alivyovuma akikoroga chai.

Macho akaduwaa. Kiganja kilikuwa kimelipata lile joto lake la zamani, na sikio limepata kitu kwa wakati uleule. Alikiondoa kiganja, akakitazama. Akakirudisha. Redio akavuma tena. Akakiondoa, akakitazama pande zote mbili, kisha akauangalia mdomo wa mama yake, na hakukirudisha tena.

Mama yule, ambaye hakuwahi kupungukiwa na neno maishani mwake, hakuona hata moja. 

"Umekula?" akasema.

Macho alijigusa shavu kwa kidole. Mama.

"Umekula, mwanangu? Eti? Nje kuna baridi, vaa sweta. Ile ya bluu, si hiyo nyingine, hiyo nyingine ina tundu. Umekula?"

"Mama, tunachelewa," dereva alisema kutoka nje. "Nimeacha injini inanguruma."

"Ningoje kidogo, baba. Naongea na mwanangu."

Na akaongea. Aliongea akisimama, aliongea akifungiwa kanga ya begani na Bibi, akamwambia asimpande baba mabegani akiwa amechoka, asinywe maji ya bombani, akohoe hivi akipaliwa, na hapo akakohoa kweli, na Macho alishtuka kidogo tu, akacheka. Aliongea akiingia garini na akaongea dirishani gari likiondoka. Fundi, aliyekaa kando yake, alisema baadaye kwamba aliendelea hata baada ya kona, mtoto haonekani tena, mpaka koo lilipomkatalia.

*

Alirudi baada ya wiki kadhaa, amekonda, kitambaa cheupe kimefunika shimo la shingoni. Pumzi ilipita hapo kwa mluzi mdogo. Bibi alikuwa amefagia uwanja mpaka ng'ambo, kama kwamba vumbi ndilo lililokuwa adui.

Macho alikuwa tayari sebuleni, sweta ya bluu, kifaa sikioni. Alijirusha magotini kwa mama, akamnusa, akakigusa kitambaa na kuachana nacho. Kisha akaweka kiganja mdomoni mwa mama yake, akatulia, akangoja.

Midomo ya Redio ilicheza chini ya kiganja. Mwanangu. Umekula.

Macho alingoja. Akakibonyeza kiganja zaidi. Akakiondoa, akakitazama, akakirudisha. Kisha akateremka, akakivua kifaa, akamletea baba, na kugonganisha ngumi zake mbili. Kibovu.

Fundi alikipokea. Alivaa miwani ya kazi, akakifungua kwa bisibisi ndogo, akapuliza humo ambamo hamkuwa na vumbi, akatia betri mpya, akakifunga. Alifanya polepole, kwa utaratibu wote, kama anavyomfanyia mteja aliyelipa. Macho alikivaa. Alisikia kiti, alimsikia Bibi akipangusa pua jikoni, akageuka kuangalia. Akarudi kwa mama, akaweka kiganja, akangoja. Akagonganisha ngumi tena, kwa nguvu, na sasa uso wake ulikuwa wa mtu anayemwambia fundi kwamba kazi yake mbaya.

Mkono wa fundi ulikwenda mfuko wa shati. Flashi ilikuwa humo, alitembea nayo kila siku. Redio aliuona mkono huo, na akatikisa kichwa. Yeye yupo, amekaa hapa. Mtoto asionyeshwe kwamba mama yake yuko kwenye kompyuta.

Akamwita Macho kwa kidole, akamweka wima mbele yake. Alimshika mashavu mpaka mtoto akatulia na kumtazama vizuri. Akajigusa koo. Kisha akafungua viganja vyake viwili, vitupu, akavishikilia hivyo hewani.

Kwisha.

Macho alivitazama vile viganja. Alimtazama mama, akavitazama tena. Halafu uso ukamfunguka. Alikimbia nyuma ya mlango, akarudi na kikapu, akakiweka sakafuni. Akakimbia tena, akaleta viatu vya baba, kimoja, kisha kingine, akavipanga mbele ya miguu ya baba vikielekea nje. Akainua mikono yake miwili, apandishwe mabegani.